Theta, Theta, Mugutha

Kamau wangu,

Hapa Ngoingwa tuko salama. Cucu, nyanya yako, anapalilia maharagwe, na mimi daktari ameniambia nitulie. Nitatuliaje?

Unauliza mbona ngoma ya mapigo saba inakushinda, mkono unaongeza la nane. Hata mimi! Nikiwa kijana nilipigia kwaya ya kanisa ngoma kule Ruiru, na wimbo mmoja ulikuwa wa mapigo saba. Kila mara nilitia la nane ili nipumue, waimbaji wakapotea. Siku chache kabla ya kuuimba kwenye harambee ya kanisa, mwalimu wa kwaya akasema ngoma apewe mwingine. Nikaiweka chini, nikaelekea mlangoni. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akanishika shati.

"Wee, acha kuhesabu! Taja vijiji vya nyumbani: The-ta, The-ta, Mu-gu-tha. Ukifika Mugutha usikae, rudi Theta."

Nikairudia ngoma, nikapiga. Hakuna aliyepotea. Kumbe nilikuwa natafuta pa kukaa ndani ya wimbo usio na kiti.

Cucu ameingia sasa hivi, anauliza mbona nagonga meza na niliambiwa nitulie.

Nimemwambia nimefika Mugutha, narudi Theta.

Guka, babu yako