Makande Uliyomlisha Baba

Mama, shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kikohozi cha Bibi unayemuuguza huko Gonja kimepoa. Huku Same joto ni kali, ila mimi sijambo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Unajua tangu Baba afanyiwe upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, huko chini kabisa, choo humbana ghafla na hawezi kukizuia. Nesi alinifundisha nimpe wali laini, viazi vilivyomenywa na ndizi mbivu, kidogo kidogo, na chakula kipya kimoja kimoja ili tujue kipi kinamsumbua. Maharage na maziwa tusubiri. Yote nilikueleza, ukaitikia, "Nimesikia, mwanangu."

Akaanza kupata nafuu. Alinitania, "Mpishi, leo tena uji? Nitaota meno ya utoto!" Mpaka akasema Jumapili atarudi kwaya.

Jumamosi ukaja na hotpoti ya chakula. Nilipokwenda kuteka maji ukampa makande, mahindi kwa maharage, na maziwa mgando. Ukamwambia, "Kula, baba Nakiete. Mwanamume wa Kipare hashibi uji. Mtoto asijue."

Kesho yake, katikati ya wimbo, Baba aliweka kitabu chini akatoka mbio. Hakufika chooni. Watu waliona, Mama. Nilimfunga kanga yangu kiunoni tukapita nyuma ya kanisa.

Habari zilipofika Gonja, shangazi akanipigia akiwa hapo kwako. "Wewe mtoto, unamlisha nini kaka yangu? Kama umeshindwa, sema!" Nilikusikia ukimkaribisha chai. Nikaomba msamaha kwa kosa nisilolijua. Juzi ndipo Baba aliponieleza, akitazama ukuta.

Makande nimeshakusamehe, ulimwonea huruma. Lakini ulinisikia nikiomba msamaha, ukanyamaza.

Sasa Baba hatoki nje. Kila nikipakua anauliza, "Hiki nacho una hakika nacho?" Tumeanza upya na wali. Shangazi anasema anakuja kunitoa, alete mtu mzima asiyejua hata tulipofikia. Baba anaona haya kuzungumzia choo na dada yake. Umebaki wewe. Mwambie ukweli kabla hajapanda gari.

Msalimie Bibi, mdogo wangu Elisifa, na mjomba anayetuchungia mbuzi.

Hotpoti yako nimempa kondakta wa basi akuletee. Ulinifundisha kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hiki nimekirudisha kitupu.

Binti yako,
Nakiete