Hatua Kumi na Mbili

Mazingara, Handeni
18 Novemba 2023

Mwanangu Jacob,

Salamu nyingi. Habari za Manundu, na kifua chako kinaendeleaje? Mimi sijambo, ila miguu inavimba jioni. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia neno ng'ombe tu unanikatia.

Ni kweli, wameingia. Jumanne ng'ombe wa jirani yetu mzee Mepukori walipita kwenye mahindi upande wa lambo la kunyweshea mifugo, wakala na kukanyaga. Jioni alikuja mwenyewe. Nilimpa kiti akakataa, akakaa juu ya kile kinu kibovu alichozoea kukalia akiongea na baba yako. Akasema, "Mama Jacob, nisamehe. Ng'ombe hawajui kwamba Castory hayupo."

Tarehe tisa Desemba inakaribia. Itakuwa sikukuu yetu ya kwanza ya Uhuru bila baba yako. Kina Mepukori huleta maziwa ya chai, sisi tunapika makande, baba yako anafungua redio tusikie gwaride. Na kabla ya kula kila mtu anataja jambo moja la mwaka huo analolishukuru. Mwaka jana alishukuru kwa viatu ulivyomletea, akavivua na kuvipitisha kila mtu avishike. Sijui mwaka huu mimi nitataja nini.

Dukani nimesikia vijana wakitaja jina lako, eti unakuja kuwafundisha adabu Wamasai. Nilipoingia wakatawanyika. Mwanangu, naogopa. Usije na hasira.

Ni mimi mama yako,
Salome


Manundu, Korogwe
25 Novemba 2023

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kimepona. Pole na miguu, usikae sana juani.

Mama, baba hata mwaka hajamaliza kaburini na wameshatujaribu. Angekuwepo wasingethubutu. Na wewe unamkaribisha mtu kiti wakati ng'ombe wake wanacheua mahindi yetu!

Nakuja Uhuru, na siji peke yangu. Nipo na Frank mwenye pikipiki, na Peter wa buchani na mwenzake. Peter anasema ng'ombe mmoja akilala pale lamboni, wengine hawatarudi tena. Ameshawaahidi watu nyama ya sikukuu. Tulicheka sana, lakini si utani.

Siku hiyo kaa ndani. Na usimwambie mtu.

Mwanao,
Jacob


Mazingara
30 Novemba 2023

Mwanangu Jacob,

Unaendeleaje? Mimi nipo, miguu ni ile ile. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaificha chini ya unga kama kitu cha wizi.

Kuna jambo sikukuambia.

Unaukumbuka mkwaju wa mpakani? Kila mwaka kabla ya kulima, baba yako alisimama pale akahesabu hatua kumi na mbili. Hapo katikati hakupanda kitu. Ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda lamboni, walikubaliana yeye na Mepukori kabla hujazaliwa. Wewe ulimfuata nyuma umebeba vijiti, unachomeka anapokuambia. Siku moja ulichomeka cha mwisho juu ya kiatu chake, akacheka mpaka akakaa chini. Ulikuwa mdogo, labda umesahau.

Oktoba ulipotuma trekta, ulimwambia dereva alime mpaka mwisho, ardhi isilale bure. Nilikuwa nimekaa mlangoni na nguo zangu nyeusi. Nikaliona linapita juu ya njia ile. Ningeinua mkono tu lingesimama. Sikuinua. Tangu Juni baba yako alipofariki nilikuwa sina wa kuniamulia hata chumvi, nikafurahi kwamba mwanangu ameamua.

Kwa hiyo ng'ombe wamepita walipopita siku zote. Sisi ndio tulioifunga njia. Mepukori anajua, ila ameona aibu kumlaumu mjane.

Na huyo Taiyo, mtoto wake, ndiye atakayekuwa mbele ya ng'ombe siku hiyo. Siku ya mazishi nyinyi wawili mlishuka kaburini kumpokea baba yako. Mmoja kichwani, mmoja miguuni. Ukija na panga utamkuta yeye.

Sijawaambia kina Mepukori wasije Uhuru. Nimeshachambua mahindi ya makande. Kila sauti ya pikipiki inanisimamisha.

Mama yako,
Salome


Mazingara
6 Desemba 2023

Jacob mwanangu,

Sijui kama u mzima, hujajibu. Iddy, kondakta wa basi anayetubebea barua, ameniapia kwamba barua alikupa mkononi, ukaikunja ukaitia mfukoni bila kuifungua.

Ifungue, baba. Sikuombi kingine.

Mama


Mkata
9 Desemba 2023, asubuhi

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nimesimama, kwenye kaunta ya duka, Frank ananisubiri. Simu yako haipatikani tangu jana.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni wiki nzima. Nilijua utanisihi, sikutaka kusihiwa. Jana mchana nikaifungua. Kile kijiti cha kwenye kiatu nakikumbuka, mama. Nilikuwa nimesahau tu vijiti vilikuwa vya nini.

Nikamwambia Peter safari imevunjika, kosa ni letu. Akacheka mbele ya watu: "Mtoto wa mama wewe! Watu wameshanunua mkaa." Nikadhani yameisha. Leo alfajiri nimekuta ameondoka na mwenzake. Hapa Mkata wameonekana wakipita kuelekea huko, na gunia limefungwa nyuma ya pikipiki. Nadhani unajua lina nini. Mahali pa kwenda niliwaelekeza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Frank anapita njia ya mkato akuletee karatasi hii. Mwambie mzee Mepukori asifungue zizi leo. Taiyo asiende lamboni hata kama ng'ombe wanalia kiu. Mfuate mzee wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Mimi nachukua bodaboda mpaka lamboni. Nitasimama pale pa baba, nihesabu zile hatua kutoka kwenye mkwaju, nianze kung'oa mahindi. Peter akinikuta nayang'oa mwenyewe, labda ataelewa. Sina uhakika. Naogopa, mama, nisamehe mwandiko.

Jambo langu la mwaka huu nalitaja hapa hapa: nashukuru kwamba hukunificha.

Chai ikiiva kabla sijafika, msinisubiri. Mimina kikombe changu, na zamu yangu ikifika mnikumbuke.

Mwanao,
Jacob