Solusheni Niliyompa Mwalimu Martina

Karatu, Jumamosi, saa tisa alasiri.

Ukungu umeondoka saa sita, baridi imebaki. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinauma. Lakini nisisingizie baridi. Nina wivu, na afadhali niuandike kabla haujanifanyisha jambo jingine baya. Moja nimeshalifanya.

Darasa la sita lina mikondo miwili. Mimi nafundisha A, Mwalimu Martina anafundisha B. Zahanati ilipoletewa friji ya chanjo, yale mabamba meupe mepesi yaliyoizunguka ndani ya boksi tuligawana nusu kwa nusu, kila darasa litengeneze reli ndogo kwa ajili ya Siku ya Wazazi. Jumatatu mwalimu mkuu anachagua moja iende kwenye maonyesho Mbulu, pamoja na mwalimu wake.

Nilijua ni mimi. Nani mwingine? Nimezaliwa Korogwe, baba yangu alikuwa mtu wa genge la reli, akipigilia mataruma kwa nyundo ndefu, nimekua nikilala na kuamka kwa mlio wa garimoshi. Martina hajaliona garimoshi hata siku moja. Amezaliwa hapa hapa, kwenye ngano ya baba yake. Chuoni alikwenda kwa basi, akarudi kwa basi.

Reli yangu niliinyoosha. Mataruma ya vijiti vya kiberiti, juu yake waya mwembamba, moja kwa moja kutoka kilimani hadi stesheni, kona moja tu. Mabehewa ni maboksi ya kiberiti yenye magurudumu ya vifungo vya shati. Yanashuka mbio, yakifika kwenye kona yanaruka na kuanguka sakafuni. Kila mara.

Yake inazunguka kilima polepole, mstari chini ya mstari, kama matuta wanayolima huku ili mvua isiondoke na udongo. Nilimuuliza akili hiyo kaitoa wapi.

"Si ndivyo maji yanavyoteremshwa, Mwalimu?" akanijibu, kana kwamba nimemuuliza jua linachomoza wapi.

Mabehewa yake hayaanguki. Wakati wa mapumziko watoto wanajazana kuyatazama. Watoto wangu mimi!

Sasa ya jana. Nilipaka solusheni, ile ya kuzibia pancha za baiskeli, nibandike reli yangu isitoke tena. Kabla sijaweka taruma la pili, bamba likaanza kuzama mbele ya macho yangu. Kumbe solusheni inayala yale mabamba. Likabaki shimo la upana wa sahani, na mimi nusura nilie. Kisha nikalipaka rangi ya kijani, nikamwaga maranda ya mbao, nikaweka kipande cha kioo katikati kiwe ziwa, nikawaambia watoto hiyo ni Kreta, lile shimo kubwa la volkano la jirani yetu. Wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akasema nina kipaji.

Sikukanusha.

Leo asubuhi Martina amekuja kuiona. Aliinama akaitazama Kreta yangu mpaka nikaona haya. Akaisifu kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana mimi ya kwake sijawahi kuisifu. Akasema reli yake bado imeshikizwa kwa miiba tu, je, mimi nimetumia gundi gani?

"Solusheni," nikamwambia. Nikaenda kumletea tyubu yangu mwenyewe.

Akashukuru mara mbili, akaitia kwenye kikapu chake, akaenda shamba. Atabandika jioni akirudi, saa kumi na moja.

Sikumdanganya. Aliuliza gundi gani, nikamtajia. Hivyo ndivyo nilivyojitetea njia nzima ya kwenda nyumbani.

Baadaye nikarudi shuleni, nikaingia darasani kwake. Sijui nilifuata nini. Labda nilitaka kuiona ile reli ikiwa bado nzima. Chini kabisa, pale inapoishia, jana palikuwa patupu. Leo pana kibanda cha kadibodi na kibao. Nilitegemea kusoma KARATU, maana watoto wote hapa wanaota reli ifike Karatu. Kibao kimeandikwa KOROGWE, kwa mwandiko wa Martina. Kando yake amesimamishwa mtu wa udongo, ameshika nyundo yenye mpini mrefu.

Habari za baba nilimsimulia mara moja tu, ofisini, tukisahihisha madaftari. Nilidhani hasikilizi.

Nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakinigusa kidevu, nikimtazama yule mtu wa udongo.

Wivu haujaisha, nisijidanganye. Nikifumba macho naona mabehewa yake yakishuka na bado natamani yaanguke. Mbulu ataenda yeye, na nitaumia. Lakini stesheni ya baba yangu siwezi kukaa tu nisubiri iyeyuke.

Nimerudi nyumbani, nimepika uji mzito wa unga wa ngano. Nimeujaribu kwenye kipande cha bamba kilichobaki: unashika, na hauli kitu. Upo kwenye kopo, unapoa. Saa kumi inakaribia. Nikishika njia ya mashambani sasa hivi nitakutana naye kabla hajafika shuleni, nimpe hili kopo, nimwombe ile tyubu.

Ataniuliza kwa nini. Nitamwambia solusheni inakula mabamba. Ataniuliza nimejuaje.

Hapo ndipo itabidi nimweleze Kreta ilivyotokea.