Mgiriki wa Moyo na Boksi la Chaki

Jumatatu, 2 Juni 1986

Karatasi za kozi zimefika posta ya mji wa Wote. Bahasha ya kaki, imechanika pembeni. Nikipita hii natoka daraja la ualimu la P2 naenda P1. Somo la kwanza: Misingi ya Saikolojia. Nilidhani wataanza na mtoto na darasa. Wameanza na Wagiriki wa kale. Sawa.

Zoezi ni la ajabu. Kila siku ukae dakika kumi, ujiangalie ndani, uandike unachokuta. Ndivyo saikolojia ilivyoanza huko Ujerumani, miaka mia hivi iliyopita — watu wanakaa mbele ya mashine wanaeleza wanasikia nini ndani yao. Na zamani kabisa kabla ya Wajerumani alikuwako Sokrate, alizunguka soko la Athens akiuliza watu maswali mpaka wakamchoka. Alitaka mtu ajijue kwanza. Kwa daftari la kutuma nitaandika kitu kizuri. Hili ni langu.

Nimekaa dakika kumi jikoni. Nimekuta: hakuna kitu. Mgongo unauma. Basi.

Jumatano, 4 Juni

Wagiriki wanabishana. Aristotle anasema mtu anafikiria kwa moyo. Ubongo kazi yake ni kupoza damu tu. Kwani ukiogopa si moyo unaoruka? Mama yangu angekubaliana naye. Kwa Kikamba kila kitu ni ngoo, moyo — unapenda kwa ngoo, unakasirika kwa ngoo, unachoka kwa ngoo. Huyu nimemwita Mgiriki wa Moyo, nisimsahau kwa mtihani.

Lakini kabla yake kulikuwa na daktari, Hipokrate. Yeye na watu wake walisema ni ubongo. Na kuhusu kifafa — hapo nilisoma mara mbili — walisema si ugonjwa wa miungu. Unatoka kwa ubongo, kama vile ugonjwa mwingine unatoka kwa ini. Haya yalisemwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Halafu akaja huyu wa Moyo, mtu wa akili nyingi, akarudisha mambo nyuma.

Niliweka alama kwa penseli. Nikaifuta, mume wangu, Baba Mbinya, asiione.

Mbinya wangu ana miaka kumi na moja. Alianza kuanguka mwaka jana. Tangu Februari anameza vidonge vya dispensari, na tangu Pasaka hajaanguka. Kaka yake, Mutie, alikuwa na ugonjwa huo huo. Hakupata vidonge. Aliangukia moto hapa jikoni, Februari ya '84, mimi nikiwa darasani nafundisha hesabu za sehemu. Sikulia kwa mazishi. Wanawake waliniangalia sana. Hata sasa sijalia.

Dakika kumi: hakuna kitu.

Jumapili, 8 Juni

Leo wamemwombea Mbinya. Pasta Ndeti alimwita mbele, wazee wa kanisa wakamwekea mikono, baba yake akiwa mmoja wao. Waliomba mpaka saa nane. Kisha Pasta akamwuliza kama anaamini amepona. Akasema anaamini. Akapewa nafasi atoe ushuhuda. Sauti ndogo, lakini hakutetemeka. Kanisa lote likasema amina.

Huku kwetu ukishatoa ushuhuda umefunga mlango. Kumeza dawa baada ya hapo ni kumfanya Mungu mwongo, na mtoto pia. Baba Mbinya akatoa kopo la vidonge mfukoni. Sikujua amelibeba. Akaliweka mezani mbele ya watu wote. Baada ya ibada wakaenda kuvimwaga chooni. Mimi nilisimama hapo na Biblia mbili, yangu na ya mama mkwe.

Njiani nikamwambia Baba Mbinya, sista wa dispensari alisema vidonge visikatishwe ghafla. Tukavuka mto. Akasema, kwa Mutie nilikuwa na shaka, Mama Mbinya. Nilikuwa naomba na nina shaka. Safari hii sitaki shaka kwa hii nyumba.

Hakuwa anaamuru. Alikuwa ananiomba. Ni fundi seremala, mikono yake ina nguvu, lakini hapo ilikuwa inaning'inia tu.

Dakika kumi: hakuna kitu. Hata hasira.

Jumatano, 11 Juni

Ameanguka. Asubuhi, mtoni, kwa shimo la maji. Mimi na yeye tu. Nilimlaza ubavu, nikaweka lesso chini ya kichwa, nikangoja. Dakika nne hivi. Mtungi ulimwagika wote, mchanga ukanywa.

Alipoamka akauliza, nimelala? Nikasema, umelala kidogo, ni jua. Jua lilikuwa bado halijatoka vizuri. Akaniamini. Nikamfuta mdomo, tukachota maji tena.

Nyumbani sikusema. Nikisema, watasema ni shetani anaujaribu ushuhuda, watafunga siku tatu, na mtoto afungishwe pia. Na Baba Mbinya atajitafuta shaka iko wapi. Nilifika shule kwa wakati. Nikafundisha.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeenda dispensari ya huku Mukuyuni baada ya shule. Sista Gathoni ni mtu wa Murang'a, hana maneno mengi. Akauliza lile kopo lingine liko wapi. Nikasema limepotea. Akaniangalia kwanza. Akasema, Mwalimu, hapa kwenu dawa zinapotea sana siku ya Jumapili.

Akanifungia vingine kwa karatasi. Akarudia: usikatishe ghafla. Ukikatisha ghafla mtoto anaweza kuanguka asiamke. Nikasema nimesikia.

Nimevificha shuleni, ndani ya boksi la chaki kwa dawati langu. Vyeupe kwa vyeupe. Nani atachokora boksi la chaki la mwalimu.

Jumatatu, 16 Juni

Jioni nabeba kidonge kutoka shuleni; kinasagika vizuri kwa mgongo wa kijiko. Natia ndani ya uji wake wa asubuhi, nakoroga, naongeza sukari. Leo amesema uji una uchungu. Nikasema ni wimbi ya mwaka huu.

Karatasi ya leo ni kifo cha Sokrate. Walimhukumu, wakampa kikombe cha sumu, akakinywa akijua ni nini. Mbinya anakunywa kikombe changu bila kujua ni nini. Changu ni dawa, si sumu, najua tofauti. Lakini nilikaa na hilo jambo dakika kumi zote. Hakuna kitu. Nikaosha kikombe.

Jumapili, 6 Julai

Karibu mwezi sasa, hajaanguka. Hivyo ndivyo najua mimi. Kanisa linajua ni mwezi mzima, tangu siku ya maombi. Pasta alimsimamisha tena. Anataka Mbinya aende mkutano mkubwa wa Agosti huko Kabati, Kitui, ashuhudie mbele ya makanisa yote. Baba Mbinya alikubali kabla sentensi haijaisha.

Mimi niliimba pamoja na wengine.

Alhamisi, 17 Julai

Zoezi la pili limerudi kutoka kwa tuta, mwalimu wa kozi. Maksi sitini na nane. Ameandika kwa wino mwekundu: maelezo yako ya hisia ni mazuri, una moyo mwepesi wa kuguswa. Nilikuwa nimezitunga zote, moja baada ya nyingine, hapa mezani nikichagua mchele.

Mgiriki wa Moyo ndiye huyo huyo aliyesema akili ya mtu ni kama kibao ambacho bado hakijaandikwa kitu. Hilo kila mwalimu analijua. Kwa kibao cha Mbinya tumeandika UMEPONA. Baba yake ameandika kwa imani. Mimi kwa kijiko. Ukisoma huwezi kujua ni mwandiko wa nani.

Kuna mwingine aligawa roho mafungu matatu: kichwa, kifua, tumbo. Yangu ni tumbo peke yake siku hizi. Nala, nalala, naamka, nakoroga.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumefika Kabati na lori la kanisa. Vumbi mpaka kwa meno. Wanawake na watoto tunalala madarasani kwa mikeka, wanaume kwa hema. Boksi la chaki liko ndani ya kiondo changu. Mama mkwe ameliona akacheka — mwalimu huyu hata likizo anabeba chaki. Nikacheka pia.

Uji unapikwa kwa sufuria moja ya wote. Nimeomba kupakua. Wamesema nina roho ya utumishi.

Jumamosi, 9 Agosti

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Mbinya amevaa ile gauni ya kijani. Akasimama juu ya meza ili aonekane. Akasema, nilikuwa naanguka, Yesu ameniponya, sinywi dawa tena.

Alipoteremka, mama mmoja akatoka nyuma kwa haraka. Anaitwa Nduta, mtu wa Nyeri, ana duka la vitambaa hapa Kabati. Alikuwa na mtoto wake, Njogu, miaka saba. Akatoa kopo kwa mkoba akaliweka mezani. Nilikuwa karibu, nikaona ndani. Vidonge ni vile vile, vyeupe, vidogo. Pasta Ndeti akaliinua kopo juu watu waone. Nduta alikuwa analia kwa furaha. Mtoto alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Akanifuata mpaka nilipoketi. Akanikumbatia. Akasema, Mama Mbinya, kama si mtoto wako ningeendelea kumtesa wangu na madawa.

Nikasema, Mungu akubariki. Ni mdomo wangu uliosema hivyo. Niliusikia.

Jioni Baba Mbinya alikuwa na wazee nje ya hema, akacheka. Miaka miwili sijasikia hicho kicheko. Kinakatika kidogo mwishoni, halafu kinaanza tena. Nilikuwa nimekisahau.

Jumapili, 10 Agosti

Saa moja asubuhi. Nilikuwa nyuma ya darasa nasaga. Mbinya akaja akasimama. Akasema, Mama, leo usisage. Nipe kizima nimeze na maji, ule uji unakuwa mbaya.

Nikauliza, umejua tangu lini. Akasema tangu Julai. Siku nilipoenda Wote kuchukua barua, nyanya yake ndiye aliyempikia. Uji wa Nyanya haukuwa na uchungu, na wimbi ni ile ile. Halafu siku moja akafungua boksi kwa dawati langu kutafuta chaki ya kuchezea.

Nikamwuliza, na jana ukasimama juu ya meza ukasema hunywi dawa. Kwa nini?

Akasema, Baba alikuwa amefurahi.

Hakulia. Alisema tu, akingoja kidonge na mkono wazi, vile mimi nasema vitu. Ndipo nilipouona uso wangu kwa uso wake, na sikupenda. Nimemfundisha kukaa kimya na kukoroga. Sokrate alikunywa kikombe akijua, lakini alikuwa mzee. Huyu ana miaka kumi na moja.

Nikampa kizima. Akakimeza.

Saa tatu. Nimepiga hesabu ya siku. Mbinya alianguka siku ya tatu. Njogu amekosa cha jana jioni na cha leo asubuhi, kwa hivyo labda ni kesho kutwa, labda ni kabla. Lori letu linaondoka saa nane. Kesho kutwa nitakuwa Mukuyuni, Nduta atakuwa hapa peke yake na ushuhuda. Hatajua hata kumlaza ubavu.

Nikinyamaza, Mutie atakuwa ameanguka mara mbili. Nikisema, Mbinya ni mwongo mbele ya makanisa yote, na mimi ndiye mama wa uongo, na kile kicheko cha jana nitakuwa nimekizima na mkono wangu. Nimegeuza hili jambo huku na huku. Kila upande kuna mtu.

Saa tatu na nusu. Nimemtuma Mbinya amwite Nduta. Nikamwambia, mwambie aje na mtoto, mwambie Mama Mbinya ana kitu cha kumpa. Mbinya akaniuliza, na Baba? Nikasema, Baba baadaye. Akasimama kidogo. Akaenda.

Nimekaa kwa ngazi ya darasa. Boksi liko kwa mapaja, nimelifungua. Nimegawa vidonge mara mbili, nusu nimefunga kwa karatasi ya kozi, ukurasa wa yule daktari. Bado wanaimba huko ndani. Nafanya zoezi kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Dakika kumi. Moyo unapiga. Naandika tena: moyo unapiga. Unapiga mpaka masikioni, mpaka kalamu inaruka, mwandiko huu hata mimi sitausoma. Naogopa. Mgiriki wa Moyo angesema si nilikwambia. Daktari angesema ni ubongo ulioutuma. Wabishane. Ni wangu, uko hapa, ulikuwa wapi miaka yote hii.

Nawaona kwa geti. Mbinya amemshika Njogu mkono. Nduta yuko nyuma yao na kitambaa cheupe kichwani, anatabasamu, ananipungia. Na nyuma ya Nduta, Baba Mbinya ametoka ibadani. Amemwona mtoto akipita, anawafuata kwa miguu ya haraka, anauliza kuna nini.

Sijafunika boksi. Nduta amefika, anasema, habari ya asubuhi, Mama Mbinya, nimeambiwa una kitu cha kunipa. Naweka kalamu chini, nimpe ile karatasi Baba Mbinya akiona.