Mtani, Mama Yako Anangoja Mlango

Mtani wangu,

Nianze vipi? Sisi tulizoea kuanza kwa matusi. Ungeingia dukani na kibegi chako cha vifungo, na kabla hata hujavua koti ungeniuliza kama Wangoni tumeshapata kifungua kinywa au panya wa Yeoville hapa Johannesburg wamekuwa wajanja. Nami ningekuuliza ngoma ya Wayao imelia wapi hata ukachelewa kazini. Mama Furaha, yule msusi wa Kikongo tunayegawana naye chumba cha duka, alichukua muda mrefu kuamini kwamba hatugombani. Nilimweleza kwamba babu zetu walipigana vita, wakachoka, wakabaki kutaniana, na kwamba mtani akikutukana huna ruhusa ya kukasirika. Akasema Watanzania tuna mambo.

Leo sina tusi, Asumini. Nimekaa mbele ya cherehani tangu asubuhi na sijashona kitu. Suruali za walinzi wa Midrand zimerundikana. Vifungo natia mwenyewe siku hizi, navitia vibaya, na wateja wananiuliza yule dada yuko wapi. Wengine nimewaambia umesafiri. Nimechoka kuona nyuso zao zikibadilika.

Kiti chako kipo pale pale karibu na dirisha. Mama Furaha alitaka kumkalisha mteja, nikamkatalia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Alikwenda kuazima kiti kwenye spaza, kile kiduka cha jirani, na baadaye akaniletea chai.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiandika. Kwanza unanisimulia kwa mdomo huku sindano inakwenda, na mimi kazi yangu ni kukucheka. Nikicheka mahali usipotaka, unafumua. "Hapo pameharibika," unasema, halafu unarudi nyuma kama mtu aliyekosea pindo. Ikikaa sawa unashika simu, unaiandika kwa kidole gumba, unaituma sehemu moja moja kwenye lile kundi letu la simu la watu wa kusini mwa Tanzania. Walinzi walikuwa wakisoma kwenye vibanda vyao huku Johannesburg. Kule Tunduru mdogo wako Zainabu alimsomea mama yenu, kwa kuwa macho ya mama hayakuwahi kujifunza herufi.

Watu walikushauri uandike habari za Sauzi, bastola, majambazi, mapenzi ya Hillbrow. Ulikataa katakata. Ulisema Sauzi ina waandishi wake, sasa nani atamwandika mwanamke anayeshinda shambani kulinda mahindi yake na ngedere? Nani atamwandika kijana aliyenunua pikipiki, kijiji kizima kikajifunza kuendesha kwa hiyo hiyo mpaka ikafa? Nilikutania kwamba habari za ngedere ni za ukoo wenu. Lakini nilikuwa nazisubiri, mtani. Sikuwahi kukuambia hivyo, kwa sababu ungenitangaza.

Halafu ukaanza ile ya Bibi Abiba. Mwanawe amekwenda Sauzi, ametuma salamu kwamba atamletea mlango wa mninga, na bibi amekataa milango mingine yote. Fremu iko wazi, amening'iniza kanga. Mvua inapiga, mbuzi wanaingia, majirani wanamsema. Kundi zima lilishikwa. Kila mtu aliuliza mlango unafika lini, na hakuna aliyeuliza hiyo ni nyumba ya nani, kwa sababu watu wa kwenu walishaitambua kanga ya mama yako.

Sasa nikwambie yaliyotokea, kwa kuwa wewe hukuyaona.

Asubuhi ile ya baridi ulikuja ukiwa unahema. Ulisema ni pumu tu, ni moshi wa makaa, itapita. Nikakutania hata hapo, nikasema Wayao mkikosa joto la Tunduru mnakauka. Ulicheka, kicheko kikakata pumzi. Mama Furaha alitoka mbio hadi barabarani akasimamisha taksi iliyojaa watu kwenye robot, zile taa za barabarani, akamwambia dereva awashushe abiria wote, na wakashuka bila ubishi. Tulipofika hospitali ulikuwa umeshanyamaza.

Nilimpigia Zainabu. Hakupatikana. Nikapiga tena, nikapiga tena, msikiti ukaniambia utazikwa baada ya alasiri. Basi nikaandika kwenye kundi: "Asumini ametutoka leo asubuhi. Tunamzika leo."

Wakacheka.

Wewe unajua kwa nini. Tumeuana mara ngapi kwenye kundi lile? Wewe ulinitangaza nimekufa kwa kuvimbiwa panya, ukaomba rambirambi ya unga. Mimi nilikuzika mara chungu nzima. Safari ile nilipoandika ukweli, vilikuja vicheko mpaka simu ikawa inatetemeka yenyewe mezani. Mmoja akauliza Mngoni amerithi nini, simu au vifungo. Nikaandika kwamba sitanii. Wakacheka zaidi, maana hilo nalo tulikuwa tukilisema kila mara. Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa Zainabu, na nyuma yake namsikia mama yenu akicheka kicheko kile kile chako. Zainabu alisema, "Mwambie amalize hadithi kwanza, ndipo afe."

Nikampigia hapo hapo. Walikuwa wameshateremka shambani, kwenye mikorosho, kusiko na mtandao.

Kwetu mtani angeingia kaburini kabla yako. Angelala humo, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na watu wangecheka huku wanalia. Mimi nilisimama nyuma, nimeshika sepetu la mtu nisiyemjua. Kulikuwa na Watanga, Wazanzibari, mafundi wa Kikongo waliovua kofia. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba hapo palihitajika mtu wa kukucheka. Nilifungua mdomo, mtani. Haikutoka hata pumzi. Umezikwa kimya kama mtu asiye na kwao.

Zainabu alipatikana jua linazama. Aliniambia leo nimeigiza vizuri, mpaka sauti inatetemeka. Ikabidi nimpe simu sheikh aliyekuzika. Nilimwona yule mzee anavyosikiliza kilio cha upande wa pili, akarudisha simu bila kuniangalia. Zainabu alikuwa bado hewani. "Umenifanya nimcheke dada yangu anazikwa," akasema, na akakata.

Tangu hapo hakunipokelea simu. Sikumlaumu. Nililaumu utani, nililaumu mababu waliouanzisha, nililaumu mtandao, na wewe nilikulaumu kuliko wote. Ungekuwa mtu wa kawaida, wa kufa kwa kawaida, wangekulilia kwa wakati.

Arobaini yako imepita. Jana Zainabu ameniandikia kwa mara ya kwanza. Nimesoma ujumbe wake nimesimama, kisha nikaketi kwenye kiti chako bila kujua. Mama hajakubali. Waliweka matanga, yeye akaenda zake shambani. Wameleta watu wa kusoma dua, amewapikia uji na kuwauliza nani mgonjwa. Wamemwonyesha picha ya kaburi niliyotuma, akasema Johannesburg kuna makaburi mengi. Anashinda kizingitini, hali chakula vizuri, amepungua. Anasema hao ni watani tu, wamezidi safari hii. Anasema Asumini haachi kitu njiani tangu mdogo, iwe mkeka, iwe ugomvi. "Siku mtakayonisomea mwisho," amewaambia, "hapo nitajua amemalizana nami."

Zainabu aliandika mwishoni: "Kama unaujua mwisho, utume. Mama anaisha."

Ninaujua. Mimi peke yangu duniani ninaujua. Uliniambia ukiwa unatia vifungo vya koti la bwana harusi wa mtaa wa Alexandra. Bibi Abiba anaiteremsha kanga, anaikunja, anajitanda. Anamwita fundi wa pale pale kijijini amtengenezee mlango wa mbao za mwembe, na anamkataza kuweka komeo. Nilikucheka. Nikasema Wayao hamna akili, mwizi je? Ukasema mwizi ataiba nini, mle ndani kuna mama tu. Kisha ukakaa kimya, ukang'ata uzi, ukasema huo ndio mwisho na nisiutoe kwa mtu.

Sasa nifanye nini? Nikiutuma, mama yako anafiwa. Atafiwa nawe kwa mkono wangu, wewe uliye mzima huko kwenu mpaka sasa hivi, unayechelewa tu kuandika. Nisipoutuma, anafia kizingitini akikungoja.

Nitakuambia nilichojaribu. Asubuhi hii nilianza kuandika sehemu mpya. Nilileta ngedere. Nilileta mvua, nikamfanya Bibi Abiba aumwe jino, nikampeleka kwa mganga wa meno Tunduru mjini. Naweza kukuweka hai mwaka mzima kwa jino hilo, mtani. Kuna mahali hata nilicheka. Nilikuwa nimekaribia kutuma. Mama Furaha akaja kuniuliza naandika nini na machozi yote haya, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kitana mkononi. "Papa," akasema, "ule mama anangoja mutoto wake. Usimuchezee."

Nimeifuta. Ngedere wote nimewafuta.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hawajateremka shambani, nitampigia Zainabu na kumwomba amwekee mama simu sikioni. Sitaandika, maana maandishi yangu wameyazoea. Nitamsimulia kwa mdomo, kama ulivyonisimulia, na nikifika kwenye komeo nitanyamaza kidogo pale pale uliponyamaza wewe. Kisha nitangoja alie, hata kama itachukua asubuhi nzima. Sitakata mimi.

Baada ya hapo utakuwa umekufa kweli, Asumini, hata kwenu. Naogopa. Sijui nitakuwa mtani wa nani katika mji huu.

Lala salama. Na hili nilipaswa kukuambia nikiwa nimelala ndani ya kaburi lako, ukinisubiri nitoke: Myao wewe, hata kufa hukujua. Umemwachia Mngoni amalizie kazi yako. Mlango ukitoka na kasoro, usije kulalamika.

Mtani wako,
Gama