Sabiri Hakubemendwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mkata, Wilaya ya Handeni. Tarehe 14/07/2025.
Jina: Mwanaidi Jabiri. Umri: miaka 57. Kabila: Mzigua. Dini: Muislamu. Kazi: mkulima. Makazi: Mkata.

Mimi ni mama mzazi wa mtuhumiwa, Ukasha. Nimeonywa niseme kweli, na sikuja hapa kusema vingine.

Ukasha anafanya kazi ya shamba Mnyuzi, Korogwe, na hurudi nyumbani mara mojamoja. Mkewe Hajira naishi naye mimi, pamoja na mtoto wao Sabiri, mwenye mwaka mmoja na miezi minne. Mtoto alikuwa anapewa uji mweupe wa muhogo asubuhi, na ugali jioni tukirudi shamba. Ukasha mwenyewe nilimkuza hivyohivyo.

Mnamo tarehe 12/06/2025, siku ya Alhamisi, tulimpeleka Sabiri kwenye kikundi cha lishe, ambako akina mama tunapika pamoja na kufundishwa. Mhudumu wa afya, Grace, alimpima mkono kwa utepe. Ulionyesha nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Alitupa chakula dawa cha pakiti, na akatufundisha kupika uji wenye karanga na dagaa wa kusaga kwa ajili ya siku atakapopata nguvu. Wanawake wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba mtoto kabemendwa, yaani mama yake katembea na mwanaume huku bado ananyonyesha. Niliwaambia wakome. Hawakukoma.

Mnamo tarehe 15/06/2025, saa kumi jioni, nilikuwa uani nakaanga karanga. Ukasha aliingia bila hata shikamoo, nikajua kuna jambo. Alimuuliza Hajira, "Mwanaume gani?" Hajira akasema, "Mwanaume yupi tena, baba Sabiri?" Akampiga mkononi kwa mchi. Mlio wa mfupa niliusikia. Nikapiga kelele, "We Ukasha, una wazimu?" Akachukua pakiti za mtoto akazitupa chooni, akasema mtoto wa namna ile haponi kwa vitu vya hospitali. Majirani walipofika alishapanda bodaboda. Hajira alipewa fomu ya polisi ya matibabu, PF3, akatibiwa. Mkono wa kulia umevunjika.

Kumlisha mtoto nilibaki nako mimi. Grace alinipa pakiti nyingine, na uji nikaja kuupika kama tulivyofundishwa. Alhamisi iliyopita utepe ulionyesha njano. Sasa anasimama kwa kushika kigoda, na uji ukichelewa anatupigia kelele nyumba nzima. Zamani alikuwa halii kabisa, nasi tukimsifu kuwa ni mtoto mtulivu.

Ukasha alipokamatwa Mnyuzi, shemeji yangu Muhidini alikuja kuniomba niseme Hajira alianguka na ndoo, mambo yaishe nyumbani. Alisema mama hamfungi mwanawe. Nilimjibu kwamba mchi niliuona kwa macho yangu. Moyo unaniuma, sikatai. Lakini Ukasha alikuwa anatafuta mwanaume nyumbani kwangu, na mwanaume hakuwepo. Mtoto alikuwa na njaa. Uzinzi gani huo unaopona kwa karanga na dagaa?

Niliyoyaona ni hayo, sina la kupunguza.

Dole gumba la shahidi: Mwanaidi Jabiri

Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akakubali kuwa ni sahihi. Baada ya hapo aliomba kumwona mtuhumiwa mahabusu. Alikuwa amemletea chakula. Alisubiri mpaka akala.

Koplo Ernesti