Kakao Chungu na Ulimi wa Mama

Nyumbani, mezani jikoni,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi za upendo. U hali gani huko, na wifi hajambo? Watoto wameshaizoea baridi, au bado wanavaa soksi mbilimbili? Shangazi yao anauliza. Sisi huku wazima, na safari hii nikisema wazima, na Mama yumo.

Kopo lako la kakao lilifika salama. Tulidhani ni ya kunywa na maziwa, basi. Shemeji yako, fundi magari mzima, akabugia kijiko kikavu akakunja uso mpaka masikio yakacheza. Ulisahau kutuambia haina sukari hata chembe!

Kopo likawekwa kabatini, mimi nikarudi kwenye shughuli ya Mama. Unajua tangu ile homa ulimi wake ulikuwa hausikii ladha. Mwanamke aliyepikia shule nzima, anayeonja mchuzi akakuambia kitunguu kilitolewa mapema, akawa anasukuma sahani: "Maji matupu." Nguo zikaanza kumpwaya. Kwenye simu sikukuambia yote, nilijua ungepanda ndege.

Jumatano nikapika nyama. Nikakaanga kitunguu, nikatia nyanya na pilipili, mara nikaukumbuka uso wa shemeji yako. Nikasema, kilichomkunja yule kitamwamsha hata Mama. Nikatia kakao vijiko viwili, nikaacha mchuzi uchemke polepole mpaka ukawa mweusi tii. Shemeji yako akachungulia.

"Mama watoto, umeunguza?"

Nikamfukuza.

Mama akaonja. Akaonja tena, akanitazama kwa lile jicho lake.

"Chungu," akasema. "Na chumvi umembania nani?"

Nililia, mwiko mkononi. Najua kupika, na mtaa mzima unanisifu, wala sioni haya kusema. Lakini sijawahi kujivuna kama siku ile niliyokosolewa. Akamaliza sahani, akadai nyingine.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu. Shemeji yako anakusalimu, ila kakao haigusi tena. Mama anasema utume kopo jingine, na usithubutu kuleta la sukari. Mungu akutunze, akupe riziki na afya.

Naishia hapa kwa sababu nahamishwa mezani. Mama ameshika kisu, anasema vitunguu vyangu vimekatwa vinene, leo anapika mwenyewe.

Dada yako akupendaye daima.